Kabla ya Kupasua Mgongo, Muulizeni Mgonjwa Analalaje

Mhadhara kwa wauguzi, wanafunzi wa udaktari na familia za wagonjwa, Bukavu



Kazi yangu ni kumsimamisha mgonjwa baada ya daktari kumaliza ya kwake. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya tiba, yule mnayemwita kine. Daktari wa upasuaji humwona mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa. Mimi humwona siku anapoambiwa akae ukingoni mwa kitanda, ashushe miguu, asimame. Hapo ndipo ninapoliona jambo lililonileta leo. Wagonjwa wawili wanaweza kupasuliwa pingili ileile, na daktari yuleyule, kwa vyuma vya aina moja, na picha zao za eksirei zikatoka nzuri sawasawa. Mmoja akarudi sokoni, mwingine akabaki kitandani. Ukitafuta tofauti mgongoni, mara nyingi huioni. Utaipata katika usingizi wake, katika hofu yake, katika huzuni aliyokuja nayo, katika deni, na katika mambo aliyoyaona kabla hajaugua.

Ninachodai ni hiki: kuutunza moyo na akili ya mgonjwa ni sehemu ya upasuaji wenyewe, si huruma ya kuongezea baadaye muda ukibaki. Na mji wetu una sababu ya kulijua hilo kuliko miji mingi ya dunia, kwa kuwa hapahapa limefanywa, likapimwa, likaonekana kuwa kweli, ila kwa majeraha ya aina nyingine.

Tuitazame kwanza migongo yetu. Mnamwona kila asubuhi yule mama anayepanda kutoka ufukoni mwa ziwa kuelekea soko la Kadutu. Gunia la unga wa muhogo limelala mgongoni, kamba imepita juu ya paji la uso, shingo imekaza, kifua kimeinama mbele, macho yanatafuta jiwe la kukanyaga. Akifika juu anapewa franga zake chache, anashuka kuchukua lingine. Ukimshika misuli ya shingo utaikuta imekakamaa hata siku ya Jumapili, na pale kamba inapopita ngozi ina mstari usiofutika. Huyo ni mmoja. Yuko kijana wa pikipiki aliyegongana na lori utelezini. Yuko mchimbaji wa dhahabu wa Kamituga aliyeangukiwa na udongo shimoni. Wako waliopigwa risasi. Wako walioporomokewa na kuta katika tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Na wako wale ambao pingili zao zimeliwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao wengi wetu tunadhani hukaa kifuani tu, kumbe hushuka mgongoni ukavunja mfupa polepole, kama Percivall Pott, daktari wa London, alivyoueleza tangu mwaka 1779.

Baadhi yao hutibiwa hapa mjini. Wengine huvuka Ruzizi kwenda Kigali, wengine hupelekwa Bujumbura, Kampala, Nairobi, na wenye uwezo hufika hadi India. Popote wanapopasuliwa, wakisharudi wanarudi kwetu, katika milima hii na nyumba hizi, na kazi ya kupona inafanyika hapa.

Upasuaji wa mgongo una mambo unayoyaweza vizuri. Unaweza kuondoa kitu kinachobana mshipa wa fahamu. Unaweza kukaza pingili zilizolegea kwa skrubu na vyuma. Unaweza kutoa usaha wa kifua kikuu unaokandamiza uti. Lakini kwa mtu ambaye kisahani cha kati ya pingili kimechomoza, upasuaji huondoa zaidi maumivu yale yanayoshuka mguuni kuliko yale ya mgongo wenyewe, na wengi wenye tatizo hilo hupata nafuu bila kupasuliwa. Mgonjwa asipoambiwa haya mapema, ataamka akitarajia mgongo wa miaka 15, na akisikia maumivu kidogo tu atasema ameharibiwa. Huzuni yake inaanzia hapo, na imeanzishwa na sisi tulionyamaza.

Sasa twende kwenye ushahidi, maana wako wanaodhani habari za moyo na akili ni maneno ya kanisani tu.

Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Ohio State huko Marekani, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza nyumbani jamaa zao waliopoteza kumbukumbu kwa ugonjwa. Wakawachukua wengine 13 wa umri kama wao wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitobolewa kijeraha kidogo mkononi, kikafunikwa, kikafuatiliwa hadi kipone. Kwa wasiouguza mtu, kijeraha kilichukua wastani wa siku 39. Kwa wanaouguza, karibu siku 49. Mwaka 1998 kundi lao likatoa utafiti mwingine: wanafunzi wa udaktari wa meno walitobolewa kijeraha kwenye kaakaa, mara moja wakiwa likizoni, mara nyingine siku chache kabla ya mtihani. Kile cha mtihani kilichelewa kupona kwa asilimia 40.

Fikirini hayo. Mtihani wa shule tu. Mwili wenye msongo humwaga homoni ya kotisoli kwa muda mrefu, na homoni hiyo ikizidi inazikawiza chembe za damu ambazo kazi yake ni kusafisha jeraha na kuita nyama mpya. Usingizi ukipungua, mambo yanazidi kuharibika. Sasa mweke hapo mama ambaye mumewe hajulikani aliko tangu vita, watoto wamegawanywa kwa majirani, mgongo umefunguliwa urefu wa kiganja. Tunashangaa nini kidonda chake kikikawia?

Hayo ni ya jeraha. Ya maumivu yana njia yake. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari wa Marekani Henry Beecher aliwahoji askari waliojeruhiwa vibaya katika uwanja wa vita wa Italia, na mwaka 1946 akaandika kwamba karibu robo tatu yao hawakutaka dawa ya maumivu walipoulizwa. Walikuwa na fahamu zao, na mifupa ilikuwa imevunjika kweli. Lakini kwa askari yule jeraha lilimaanisha anatoka vitani akiwa hai. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa maelezo yaliyobadilisha elimu ya maumivu: katika uti wa mgongo kuna mahali panapofanya kazi kama lango, na ubongo hutuma amri ya kulifungua au kulifunga. Hofu hulifungua. Huzuni hulifungua. Utulivu na matumaini husaidia kulifunga. Kwa mchimbaji wetu wa Kamituga jeraha lilelile lina maana nyingine kabisa: maisha yamekwisha, nani atalipa shule? Lango liko wazi usiku na mchana. Halafu tunamwongezea tramadoli, tunaongeza tena, na tunamlaumu kwamba amezoea dawa.

Tafiti nyingi zilizofanywa kwa wagonjwa wa mgongo katika nchi mbalimbali zinaelekea upande mmoja. Mtu anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, au akiwa na wasiwasi mkubwa, kwa wastani hutoka na maumivu zaidi, hutumia dawa kali kwa muda mrefu zaidi, huchelewa kurudi kazini na huridhika kidogo. Nasisitiza, kwa wastani. Wako wenye sonona wanaopona vizuri sana, tena sonona yao ikaondoka pamoja na maumivu, kwa sababu maumivu ndiyo yaliyoileta. Kwa hiyo asitokee muuguzi akasema, huyu ana mawazo mengi, asipasuliwe. Anayehitaji upasuaji apasuliwe, na mawazo yake yatunzwe.

Nataka nikae kidogo kwenye hofu, maana ndiyo ninayoishika kwa mikono yangu kila siku.

Siku ya pili baada ya upasuaji namwambia mgonjwa ageuke ubavu, magoti yawe pamoja, asukume godoro kwa kiwiko ili akae. Anazuia pumzi. Vidole vinakamata shuka. Jasho linatoka juu ya mdomo hata kabla hajasogea. Ananiuliza kwa sauti ndogo: “Munganga, ile byuma haiwezi kuvunjika mu mugongo?” Mtu huyu hajaanza kuumwa na mwendo, anaumwa na picha aliyo nayo kichwani ya chuma kinachotoboa nyama. Nikimlazimisha, kesho atakataa kabisa. Nikimwacha, atalala wiki mbili, misuli itayeyuka, mapafu yataanza kujaa, damu inaweza kuganda mguuni, na siku atakaposimama ataumia kweli, aamini kwamba hofu yake ilikuwa na haki. Johan Vlaeyen na Steven Linton waliueleza mzunguko huu mwaka 2000: maumivu yanaleta wazo la kutisha, wazo linaleta hofu ya kujongea, hofu inaleta kulala, kulala kunaleta udhaifu na huzuni, na huzuni inarudisha maumivu makubwa zaidi.

Dawa ya hofu hiyo huanza na jambo dogo. Namletea picha yake ya eksirei, naishika kwenye mwanga wa dirisha, namwonyesha skrubu moja moja na mfupa unaozishika. Namwonyesha kwamba kukaa hakuzifikii. Kisha tunakaa kitako muda mfupi tu, tunarudi. Mchana tunakaa tena. Haya ni mazungumzo ya dakika chache, na nimeona yakifanya kazi ambayo sindano haikuifanya. Yangefanywa kabla ya upasuaji, mgonjwa akiwa bado hana kidonda, yangefanya kazi zaidi.

Denmark walijaribu jambo hilo kwa utaratibu. Nanna Rolving na wenzake waligawa wagonjwa 90 waliokuwa wakingoja kuunganishwa pingili za kiuno. Baadhi walipewa vikao vya mazungumzo juu ya mawazo na tabia zinazohusu maumivu, wengine wakapewa matunzo ya kawaida. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa kwa uwezo wa kufanya kazi za kila siku. Lakini waliozungumza walikuwa wamefika hapo mapema zaidi, tofauti ikionekana tangu mwezi wa tatu. Msomaji wa Ulaya mwenye bima na malipo ya ugonjwa anaweza kusema, basi faida ni ndogo. Mimi nasoma matokeo hayo nikiwa Kadutu. Kwa mama anayekula leo kile alichokipata leo, kujimudu mapema miezi michache ndiyo tofauti kati ya mtoto kubaki shuleni na mtoto kuingia mtaani.

Mtaniambia, Denmark ni Denmark, sisi hatuna wanasaikolojia wa kutosha. Basi nirudi nyumbani.

Mwaka 2013 jarida la tiba la New England huko Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini. Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake waliwafuata wanawake 405 waliopitia ubakaji au kuushuhudia, na waliokuwa na dalili kali za sonona, wasiwasi na kiwewe. Katika vijiji 7 walikutana kwa makundi, wakifundishwa kuyachunguza mawazo yanayowatesa na kuyapima kama ni ya kweli. Katika vijiji 8 walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Waliokuwa wakiongoza makundi yale hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa wanawake Wakongomani wasaidizi wa jamii, wenye masomo ya sekondari, waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Vita vilikuwa vikiendelea. Baadhi ya wanawake hawakujua kusoma, kwa hiyo mafunzo yalirekebishwa wayashike kichwani. Miezi 6 baada ya vikao kwisha, katika vijiji vya makundi ni asilimia 9 tu waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa. Katika vijiji vingine ni asilimia 42.

Sijui kama wanafunzi wetu wanafundishwa matokeo hayo kwa uzito yanaostahili. Yangekuwa yametoka Ufaransa, yangebandikwa kila ukuta. Yametoka kwa mama zetu, katika lugha zetu, chini ya miti yetu.

Na kabla ya utafiti ule kulikuwa na Panzi. Daktari Denis Mukwege alipofungua hospitali hiyo mwaka 1999 alikusudia wanawake wapate mahali salama pa kuzalia, lakini mgonjwa wa kwanza aliyempasua alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Wakafuata maelfu. Dunia ilimpa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, na watu wengi wakiisikia Panzi wanafikiria mikono ya daktari. Mimi nawaomba mfikirie pia wale wanawake wanaoitwa mama sheri. Mgonjwa akifika, kabla hajalazwa mezani, mama sheri anakaa naye. Anajua amekula au hajala. Anajua kama analala. Anamweleza atafanyiwa nini, kwa lugha anayoisikia vizuri. Akitoka chumba cha upasuaji anamkuta yuleyule kando ya kitanda. Panzi walijifunza kwamba kuziba fistula, lile tundu linalovujisha mkojo, peke yake hakumrudishi mwanamke katika maisha, ndiyo maana matunzo yao yakasimama juu ya nguzo 4: tiba ya mwili, tiba ya moyo, msaada wa sheria, na msaada wa kujitegemea kiuchumi. Mgonjwa aliyepona tumbo lakini hana pa kurudi wala cha kula, walimwona akirudi amevunjika upya.

Sasa niambieni, kati ya yale aliyoyahitaji yule wa fistula, ni lipi ambalo mgonjwa wa mgongo halihitaji? Anayahitaji yote. Mara nyingine ni mtu yuleyule mmoja.

Hili nalisema wazi kwa wauguzi wa chumba cha upasuaji. Mgonjwa wa mgongo kwa kawaida hulazwa kifudifudi. Nguo zinatolewa, mikono ya watu asiowajua inamshika kiuno, uso unatazama chini, hawezi kuona nani yuko nyuma yake. Kwa mwanamke aliyebakwa, na hata kwa mwanamume aliyefungwa na kupigwa, hali hiyo inaweza kurudisha siku ile nzima. Wengine hupiga kelele wakizinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi, na wodini wanaambiwa wamepagawa. Wengine hawasemi kitu, ila hawataki tena kuguswa mgongo, na mazoezi yanashindikana, na faili linaandikwa kwamba mgonjwa hana ushirikiano. Hakuna aliyemuuliza. Kumweleza kabla jinsi atakavyolazwa, kumwahidi kwamba atafunikwa, kumpa muuguzi mwanamke akitaka, kumwomba ruhusa kila mara kabla ya kumgusa: hayo hayana gharama hata ya franga moja.

Kuna maradhi mengine yanayokaa kitandani pamoja na mgonjwa, nayo ni faktura. Sote tunajua desturi ya hospitali nyingi za nchi yetu: asiyelipa hatoki. Mgonjwa amekatwa nyuzi, amejua kutembea, lakini anazuiwa wodini wiki kadhaa kwa deni, akiangalia wengine wanavyokuja na kuondoka. Baada ya Bukavu kuingiwa na wapiganaji wa M23 katikati ya Februari 2025, benki zilifunga milango, ndege za Kavumu zikakoma, na familia zilizokuwa na akiba ya matibabu zikashindwa kuifikia. Mgonjwa aliyelala akihesabu deni usiku hapumziki, na nimeshaeleza mwili usiopumzika unafanyia nini kidonda. Simwombi mhasibu awe mwanasaikolojia. Naomba familia ipewe hesabu ya karibu na kweli kabla ya kisu, na ikubaliane na hospitali namna ya kulipa, ili mgonjwa asilijue deni lake kwa mara ya kwanza akiwa na mrija wa damu ubavuni.

Kwa wale ambao uti umekatika na hawatatembea tena, nina neno fupi. Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia utawala wa Hitler, alipewa mwaka 1944 wodi ya askari waliopooza huko Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati ule wengi wa namna hiyo walikufa upesi kwa vidonda vya kitandani na maambukizi ya mkojo, na wahudumu waliwatazama kama watu wa kungoja kifo. Guttmann aliagiza wageuzwe kila saa 2, usiku na mchana. Lakini pia aliwapa kazi za mikono na michezo, na tarehe 29 Julai 1948 akaandaa mashindano ya upinde kwa walio katika viti vya magurudumu, ambayo ndiyo asili ya Michezo ya Paralimpiki. Alikataa kutenganisha ngozi ya mgonjwa na sababu yake ya kuamka asubuhi. Hapa Bukavu tunacho kituo cha Heri Kwetu kinachowahudumia watu wenye ulemavu, na familia nyingi hazikifikirii mpaka zimempoteza mgonjwa wao kwa kidonda cha makalio ambacho kingezuilika.

Ninalo onyo, na naomba mlisikie vizuri kuliko yote. Nikisema moyo unagusa maumivu, sisemi maumivu ni ya kubuni. Asiwepo mtu wa kutoka hapa na kumwambia mgonjwa, “ni mawazo tu.” Mwenye maumivu ya mgongo akishindwa ghafla kukojoa, au akipoteza hisia katikati ya mapaja na makalio, au miguu ikilegea, au akipata homa na kidonda kinatoa usaha, hiyo ni dharura ya saa hizo hizo. Asipelekwe kwenye chumba cha maombi kwanza. Asiambiwe ni karuho, ile sumu ya kisirisiri. Apelekwe hospitali, na mwenye kuomba aombe wakiwa njiani.

Kuhusu aibu ya ugonjwa wa akili nitapita haraka, maana imesemwa sana. SOSAME, kituo cha afya ya akili cha Ndugu wa Upendo hapa mjini, kinatibu watu kila siku na wanarudi makwao, na bado jina lake linatisha familia nyingi. Mgonjwa wa mgongo anayehitaji daktari wa akili na asimwone kwa sababu ya maneno ya majirani anadhulumiwa. Wachungaji, mapadri na maimamu wana sauti hapa kuliko mimi.

Basi ni nini kinachowezekana wiki hii, kwa watu tulio nao? Maswali. Unalala vipi? Nini kinakutisha zaidi katika upasuaji huu? Unatarajia utaweza kufanya nini miezi 3 baadaye? Nani anawalisha watoto ukiwa hapa? Kuna jambo lililokupata zamani ambalo ungetaka tulijue kabla ya kukugusa? Na lile ambalo wengi tunaliogopa: umefikiria kufa, au kujiua? Kuuliza swali hilo hakumpandikizii mtu wazo, humpa ruhusa ya kusema. Kuna pia dodoso la maswali 9 linalotumika dunia nzima tangu mwaka 2001 kupima sonona, nalo limekwisha kutumika kwa Kiswahili huko Kenya na Tanzania. Linahitaji kupitiwa na mtu wa hapa ili mama wa Bagira au Walungu alisikie kwa Kiswahili chake.

Familia, ninyi mnaolala chini ya kitanda cha mgonjwa, mna kazi ambayo hakuna mshahara unaoweza kuilipa. Msimbebe mgonjwa aliyeambiwa atembee. Mkono chini ya kwapa, hatua mbili, kiti, basi. Msimletee habari za kila risasi iliyolia mtaani jana. Mleteeni mtoto wake amwone. Na akisema anaogopa, msimjibu kwamba hana imani. Mwulizeni anaogopa nini, kisha mje mtuambie.

Kwa wakuu wa hospitali na walimu wa vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu na Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, ombi langu ni moja na ni la karatasi. Kila mgonjwa anayeandaliwa kupasuliwa mgongo ana orodha kwenye faili: damu imepimwa, eksirei ipo, moyo na presha vimeangaliwa, mfadhili wa malipo ametajwa. Ongezeni mstari mmoja: mshauri amezungumza naye, jina la mshauri, tarehe. Wafundisheni wasaidizi wa kuujaza, kama mama zetu wa vijijini walivyofundishwa wakaweza. Na kama si dharura, mgonjwa asipelekwe mezani mstari huo ukiwa mtupu.